PCM ya Kidato cha Tano au stashahada ya ufundi: mtoto aliyefaulu sayansi aende wapi?

Matokeo ya Kidato cha Nne yakishatoka, simu yangu haitulii. Nafundisha Fizikia katika shule ya sekondari ya kata, na kwa wazazi wengi wa mtaani kwetu mimi ndiye "mtu wa sayansi" aliye karibu. Swali huwa lilelile: huyu mtoto aende Advansi, yaani Kidato cha Tano na cha Sita, au aende chuo?

Wa mwisho kunijia alikuwa mama mmoja anayeuza chakula jirani na stendi. Alikuja saa kumi jioni, sufuria zimeshaoshwa, binti yake nyuma. Akanikabidhi simu yenye kioo kilichopasuka, ukurasa wa matokeo umefunguliwa. Divisheni ya Pili, pointi 19. Fizikia B, Kiswahili B, mengine C tupu, Hisabati na Kemia zikiwemo. Kwa shule yetu, ambayo maabara yake ilikaa miaka bila hata bomba la maji, hayo ni matokeo ya kupigiwa vigelegele.

"Mwalimu," akasema, "mjomba wake anataka aende chuo akasomee umeme. Baba yake anasema mtoto wa Divisheni Tuu hapelekwi ufundi, anakwenda Advansi. Wewe ndiye uliyemfundisha. Nimsikilize nani?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba arudi Jumamosi, nikakaa na daftari. Niliyoyaandika ndiyo haya, nimeyanyoosha kidogo tu.

Niseme mapema mimi natokea upande gani. Nilisoma PCM, ile tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati, katika shule ya bweni ya serikali, nikaenda chuo kikuu. Mdogo wangu anayenifuata alikwenda chuo cha ufundi akasomea umeme. Kwa hiyo ubishi huu nyumbani kwetu ni wa kila sikukuu, na sijawahi kuushinda.

Fundi sanifu ni nani

Mzazi akisikia neno "ufundi" anamwona kijana mwenye grisi hadi kwenye viwiko, amelala chini ya daladala. Hapo ndipo mazungumzo yanapoharibikia. Kazi ya uhandisi ina ngazi tatu, na kila ngazi ina jina lake. Fundi mchundo ndiye anayeshika kazi yenyewe: anajenga, anachomelea, anavuta nyaya. Fundi sanifu anasoma mchoro, anapima, anasimamia mafundi michundo, na mashine ikigoma ndiye anayetafuta ilipoumia. Mhandisi anabuni, anakokotoa, anaweka sahihi, na jengo likipasuka ndiye anayeitwa kujieleza. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, inatoa zaidi hao wa kwanza. Vyuo vikuu vinatoa hao wa tatu. Wa katikati wanatoka kwenye vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo cha Ufundi Arusha (ATC) na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), ambacho pamoja na shahada kinatoa pia stashahada.

Watu wa fani hii hupenda kuutaja uwiano wa 1:5:25, yaani kila mhandisi mmoja awe na mafundi sanifu watano na mafundi michundo 25. Sasa piga hesabu ya ndoto za wazazi unaowajua. Ukute kila nyumba ina mhandisi mtarajiwa, na fundi sanifu hakuna hata mmoja.

Hasara yake inaonekana kijijini. Mradi unakuja, unachimba kisima kirefu, unafunga pampu ya umeme wa jua, unakata utepe. Baada ya miaka miwili pampu inazima na kina mama wanarudi mtoni na ndoo. Ukichunguza unakuta waya umetafunwa na panya, au kontrola imeungua kipande kimoja kidogo. Mtu mwenye multimita na akili ya kuifuata saketi hatua kwa hatua angeimaliza kazi ile kabla ya chakula cha mchana. Tunaposema nchi kama yetu inahitaji elimu ya sayansi na teknolojia, mimi namwona huyo mtu wa multimita kwanza, maabara za utafiti baadaye. Najua wapo watakaonipinga, na wengine ni walimu wenzangu.

Vyuo hivi si vya jana. DIT ilianza mwaka 1957, ikawa Chuo cha Ufundi Dar es Salaam mwaka 1962, na kupata hadhi ya taasisi kwa sheria ya 1997. Arusha kilifunguliwa 1978 kwa makubaliano na Ujerumani Magharibi. Ukikutana na mzee mstaafu wa mitambo anayekuambia kwa maringo "mimi ni FTC", ujue ametoka huko. FTC ndicho kilikuwa cheti cha fundi sanifu kabla ya mfumo wa sasa wa ngazi za NTA, ambapo ngazi ya 4 na ya 5 ni astashahada na ya 6 ni stashahada.

Miaka

Tuchukue mtoto aliyemaliza Kidato cha Nne Novemba 2025. Akienda Kidato cha Tano ataanza Julai 2026 na kufanya mtihani Mei 2028. Katikati ya mtihani na chuo kuna mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kama miezi mitatu, ambako wanarudi weusi, wembamba na wenye mazoea ya kuamka kabla ya jogoo. Oktoba au Novemba 2028 anaingia chuo kikuu. Shahada ya uhandisi ni miaka minne, anamaliza 2032.

Mwenzake akienda kusomea stashahada ya uhandisi ataanza mwishoni mwa 2026 na kuhitimu 2029. Akitaka shahada, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inamtaka awe na GPA (wastani wa ufaulu wake chuoni) isiyopungua 3.0. Akiunganisha bila kupumzika anamaliza 2033.

Tofauti ni mwaka mmoja. Hapa mama yule aliinua nyusi, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba ukienda chuo "shahada ndiyo basi". Si basi. Ni mwaka mmoja zaidi, na sharti la GPA ambalo si la kuchezea.

(Msomaji wa Kenya asishangae tunavyosumbuka. Kwao Kidato cha Tano na cha Sita viliondoka na ujio wa 8-4-4, na kundi la mwisho lilifanya mtihani mwaka 1989.)

Darasani na karakanani

Hapa ndipo tofauti yenyewe ilipo, na ndipo wazazi hawaulizi.

PCM ni mbio. Miaka miwili inaonekana mingi, lakini ukitoa likizo na maandalizi ya mtihani, muda wa kufundishwa kwa kweli ni mfupi kuliko huo. Hisabati yake inakupeleka kwenye kalkulasi, vekta na namba changamano kwa kasi ambayo mtoto aliyezoea kupata C ya Kidato cha Nne kwa kukariri anapoteza miguu ndani ya mwezi wa kwanza. Fizikia ndiyo hiyohiyo ya zamani, ila sasa kila kitu kina hesabu. Usiku vijana wanakesha wakisolvu mitihani iliyopita, na anayetoka akiwa ameielewa kweli anatoka na akili iliyonolewa. Sitalidharau hilo; ndilo lililonilea.

Vitendo vipo, lakini ni vitendo vya mtihani. Unafunga uzi na jiwe dogo, unalibembeza mara 20, unapima muda kwa saa ya kusimamisha, unachora grafu na kutafuta mteremko. Kwenye Kemia unadondosha asidi kutoka kwenye bureti, tone kwa tone, macho kwenye chupa, mpaka methili oranji ibadilike rangi. Kazi nzuri. Shida ni kwamba mwanafunzi anajua jibu ni 9.8 kabla hajaufunga uzi, na jiwe likikataa kutii kuna wanaopika data. Mimi mwenyewe niliwahi kupika. Msimamizi aliona grafu yangu imenyooka kuliko rula, akatabasamu, akapita.

Chuoni mambo yanaanza vingine kabisa. Muhula wa kwanza mdogo wangu alinipigia simu karibu analia: "Kaka, nimekuja kusoma umeme, hapa napigishwa tupa!" Walikuwa karakanani, kila mmoja na kipande chake cha chuma kimebanwa kwenye jiliwa, wanakisugua kwa tupa mpaka uso wake uwe bapa kabisa. Mkufunzi anapita, anakiweka chini ya skwea na kukiinua kuelekea dirishani. Mwanga ukipenya kati ya skwea na chuma, hata uzi mmoja wa mwanga, bado; rudi. Viganja vilitoka malengelenge. Aliniambia baadaye kwamba hakuna somo lililomfundisha maana ya neno "kipimo" kama lile.

Mwaka wa tatu alikuja likizo na tukakaa na daftari kuizungumzia mota ya fezi tatu. Mota kubwa ukiiwasha moja kwa moja inavuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Taa za jirani zinafifia na breka zinaruka. Kwa hiyo inaanzishwa ikiwa imefungwa kwa mtindo wa nyota, halafu baada ya sekunde chache inahamishiwa delta, yaani koili zake tatu zinaungwa kama pembetatu. Ikianza kwa nyota, mkondo wa laini unakuwa theluthi moja tu ya ule wa delta.

Nikamuuliza: kwa nini theluthi? Akanyamaza. Nikamwandikia: mzizi wa pili wa tatu unaingia mara mbili, mara ya kwanza kwenye volti, mara ya pili kwenye mkondo, zidisha, unapata tatu. Nikajiona msomi.

Akaniuliza: haya kaka, kwenye delta, waya wa W2, mwisho wa koili ya tatu, unakwenda wapi? Nikanyamaza mimi. "Unakutana na U1, mwanzo wa koili ya kwanza," akasema. "Ukikosea hapo na ukawasha, hiyo theluthi yako utaielezea kwenye moshi."

Sijawahi kupata njia bora ya kueleza tofauti ya njia hizi mbili kuliko jioni ile. Mmoja alijua kwa nini, mwingine alijua wapi. Na kiwanda kikisimama usiku wa manane, anayeamshwa ni anayejua wapi.

Lakini mzazi asidanganyike kwamba chuo ni kwa watoto wasiopenda hesabu. Hisabati ipo kila muhula. Ukianguka somo unapata sapu, yaani mtihani wa marudio, ukiendelea kuanguka unadisko, yaani unaondolewa chuoni, na unarudi nyumbani na begi lako. Nimewapokea wawili wa namna hiyo, wote walikwenda chuo kwa imani kwamba ni pa kupumzikia.

Jambo jingine: ubora wa mahali. PCM ya Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Tabora, zenye maabara na walimu wa miaka mingi, haifanani na PCM ya shule iliyofungua Kidato cha Tano juzi na ina mwalimu mmoja wa Hisabati anayefundisha vidato vitano. Shule za kata zilipata maabara kwa ile kampeni ya maabara tatu kila shule, ya miaka ya 2014 na 2015. Majengo mengi yalisimama, vifaa vikafuata polepole. Na mtoto hupangwa. Unachagua tahasusi, shule anakuchagulia TAMISEMI. Vivyo hivyo kwa vyuo. Kuna chuo kina karakana yenye mashine za lathe zinazonguruma, na kuna chuo kimepanga ghorofa ya juu ya duka la simu na kinatangaza "uhandisi". Kabla ya kulipa hata senti, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kwa kozi hiyohiyo unayoitaka, halafu omba kuonyeshwa karakana. Wakikuonyesha picha, ondoka.

Fedha

Hapa mambo yamebadilika kiasi kwamba ushauri wa mjomba aliyesoma zamani haufai tena. Ada ya Kidato cha Tano na cha Sita katika shule za serikali iliondolewa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23. Mwaka uliofuata serikali ikatangaza kuondoa ada pia kwa wanaochaguliwa kutoka Kidato cha Nne kwenda DIT, ATC na MUST. Mwaka huohuo wa 2023/24 Bodi ya Mikopo, HESLB, ikaanza kukopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Kabla ya hapo mkopo ulikuwa zaidi wa watu wa shahada.

Kwa hiyo usilinganishe ada, linganisha maisha. Bwenini mtoto anakula ugali na maharage ya shule. Wewe unahangaika na orodha ya fomu ya kujiunga: godoro, ndoo, sare, viatu, daftari kubwa, nauli. Ukishamaliza unapumua hadi likizo. Chuoni kila wiki ina bili yake: chumba, chakula, ovaroli, vifaa vya kuchorea, kuchapisha kazi. Kikubwa wasichokisema ni fildi. Mwanafunzi anapelekwa kwenye kiwanda au mradi kwa wiki kadhaa, mara nyingi mji mwingine, mara nyingi bila malipo, na lazima ale na alale mahali. Mama muuza chakula aliposikia hilo alianza kuhesabu kwa vidole, na ndipo nilipojua kwamba yeye ndiye anayelipa, si baba wala mjomba.

Ukiishia njiani

Ningekuwa na nafasi ya kumwambia mzazi jambo moja tu, lingekuwa hili.

Cheti cha Kidato cha Sita ni tiketi ya basi. Kina thamani kubwa mlangoni pa chuo kikuu, na nje ya hapo hakiuziki. Mtihani ni mmoja, Mei. Mtoto akiugua malaria wiki ile, au akipata matokeo yasiyofikisha sifa za shahada anayoitaka, miaka miwili imekwenda na mkononi hana kazi anayoweza kuifanya kesho asubuhi. Wengi wa aina hiyo huishia kuomba stashahada, na wanakaa benchi moja na wadogo zao waliokwenda moja kwa moja kutoka Kidato cha Nne.

Stashahada imejengwa kama ngazi yenye vituo. Akikwama baada ya mwaka wa kwanza, kwa ada, kwa ujauzito, kwa msiba, anaweza kuwa na cheti cha NTA 4. Baada ya mwaka wa pili, NTA 5. Si vyeti vya kutamba navyo, lakini ni vyeti, na mikono tayari inajua kitu. Kwa familia ambayo kipato chake kinategemea sufuria mbili za wali kwa siku, hilo si jambo dogo.

Upande wa pili wa shilingi: mtoto mwenye akili kali ya hesabu akienda stashahada anaweza kuzama kwenye kazi mapema na asirudi tena darasani. Mshahara wa kwanza ni mtamu. Anajenga chumba kimoja, anaoa, na shahada inabaki kuwa "mwakani". Mdogo wangu alisema "mwakani" kwa miaka sita kabla ya kujiandikisha, na siku aliyokwenda darasani alikuwa na umri wa mhadhiri wake.

Kazi na mshahara

Serikalini tofauti inaonekana kwenye tangazo la kazi lenyewe. Fundi sanifu daraja la II anaanzia ngazi ya mshahara ya TGS C, mhandisi daraja la II anaanzia TGS E. Ngazi mbili, na zinaendelea kuachana kadiri miaka inavyokwenda. Kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi wote wawili husajiliwa, kila mmoja katika daraja lake. Lakini njia ya kuwa mhandisi mtaalamu, yule mwenye mhuri, inaanzia kwenye shahada na kufuatiwa na miaka isiyopungua mitatu ya kazi chini ya usimamizi. Kama ndoto ya mtoto ni mhuri ule, PCM ndiyo njia fupi.

Nje ya ajira mizani inageuka. Kila nyumba mpya inayotaka umeme wa TANESCO inahitaji kazi ya nyaya iliyothibitishwa na mkandarasi mwenye leseni, na leseni hizo hutolewa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, kwa madaraja, kulingana na elimu na uzoefu wa mtu. Fundi sanifu mwenye leseni ana biashara inayotembea na begi la mgongoni. Mhitimu wa PCM aliyekosa chuo hana kitu kama hicho. Hata mhitimu wa shahada asiyewahi kushika bisibisi, na wapo, anaanza kwa kumwomba fundi sanifu amfundishe.

Tahadhari moja fupi kuhusu afya, maana wazazi huchanganya. Haya yote nayasema kuhusu uhandisi. Kwa udaktari wa binadamu hesabu ni tofauti: PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) ndiyo njia iliyonyooka kwenda shahada ya miaka mitano, na ingawa tabibu mwenye stashahada anaweza kuomba, anaingia kwenye foleni yenye ushindani mkali sana. Mtoto anayesema "daktari" usimpeleke kwenye umeme kwa sababu tu chuo kiko karibu.

Nani aende wapi

Ninavyoona mimi, Divisheni ya Kwanza yenye A au B za Hisabati na Fizikia, kwa mtoto anayesolvu bila kuambiwa, ni ya PCM. Ana nafasi ya kweli ya shule nzuri, na akifanya vizuri zaidi Kidato cha Sita kuna Samia Skolashipu, iliyoanza 2022/23 kwa waliofaulu zaidi masomo ya sayansi. Kumpeleka stashahada mtoto wa namna hii ni kumpunguzia mwendo, isipokuwa kama nyumbani hawawezi kabisa kungoja miaka sita.

C za Hisabati na Kemia ni habari nyingine. C ni kuanzia alama 45. Mwenye 62 na mwenye 46 wote wana C, na cheti hakisemi nani ni nani. Muulize mwalimu wake. Mwenye 46 akiingia PCM atateseka, na mateso yale hayamjengi mtu kama tunavyopenda kudai. Chuoni atapata hisabati hiyohiyo kidogokidogo, ikiwa imefungwa kwenye kitu anachokigusa, na wengi ndipo wanapoielewa kwa mara ya kwanza.

Halafu tabia. Bwenini kuna kengele, patroni au matroni, na geti. Chuoni binti wa miaka 17 ana ufunguo wa chumba chake. Sisemi asiende, nasema uliza kwanza kama anajua kuamka bila kuamshwa. Kwa wasichana kuna jambo jingine. Serikali imekuwa ikijenga shule za sayansi za wasichana, moja kila mkoa, 26 kwa jumla, kwa hiyo PCM ya wasichana inazidi kupata pa kukaa. Kwenye karakana za umeme na mitambo bado wasichana ni wachache, na wakati mwingine msichana ni mmoja katika kundi la wavulana 30. Wengine inawachoma, wengine inawawasha.

VETA sijaiweka kwenye mizani kwa makusudi. Kwa mwenye Divisheni ya Nne anayependa kazi ya mikono ni mahali pa heshima, lakini kwa mwenye C tatu za sayansi ni kushuka ngazi ambayo tayari ameipanda.

Jumamosi

Mama alirudi, safari hii na mjomba. Baba hakuja. Niliwaeleza haya kwa nusu saa, mjomba akitikisa kichwa kila nilipotaja leseni, mama akitikisa kila nilipotaja bweni. Binti alikuwa kimya, anachezea kifuniko cha kalamu.

Nikamuuliza yeye. Kwanza nilimwambia alama zake, maana mimi ndiye niliyesahihisha majaribio yake mwaka mzima: Hisabati yake haikuwa C ya juu. Fizikia yake ilikuwa B ya kweli, na B ile ilitoka kwenye vitendo. Katika darasa zima ni yeye peke yake aliyeniambia siku moja kwamba ammita yetu inadanganya. Nilimkatalia. Nilipoifungua jioni nikakuta springi imelegea.

"Nikienda chuo," akauliza, "hiyo ya kujua kwa nini theluthi, sitafundishwa?"

Nikamwambia atafundishwa, ila atalazimika kuuliza, kwa sababu wengi hawaulizi.

Dirisha la kubadili machaguo ya Selform, fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo, lilipofunguliwa tulikwenda wote watatu kwenye steshenari ya pale stendi. Kijana wa kompyuta alitudai shilingi elfu mbili. Chaguo la kwanza likahama kutoka PCM kwenda stashahada ya uhandisi umeme, Arusha. PCM ikabaki ya pili, kwa ajili ya baba.